Nilivyomuuliza mzee wa Sisilia kama divai yake anaitaka baridi ama moto, hapa Doha

Jumamosi, 15 Novemba 2014. Asubuhi ukungu mzito, majengo marefu ya West Bay hayakuonekana hata moja. Kwenye saa tano jua likatoka, upepo mzuri wa baharini, hakuna vumbi.

Wakuu, nisameheni kuanza na hali ya hewa kama mtangazaji wa redio. Nina tabia ya kuandika kila siku, na siku zote naanza hivyo na kumalizia na tulichokula. Nikiruka huo mpango nachanganyikiwa.

Shule nilifika Form Two tu. Halafu mimi ni Mkenya, Mkamba wa Machakos, na najua humu wengi ni Watanzania wa Kiswahili kilichonyooka. Mkiona changu kimepinda, kinyoosheni taratibu, msikivunje.

Yote nitakayosema yalitokea. Pale ambapo sina uhakika nitasema sina uhakika. Majina ya watu nimebadilisha, na hoteli sitaitaja, maana hawajanikosea kitu na bado nala kwao.

Leo ni Jumapili, niko off, nimekaa kitandani hapa kwetu, mtaa wa Najma. Tangu asubuhi nikikumbuka nacheka peke yangu. Wenzangu wa chumbani wameshaacha kuniuliza ni nini.

Haya, twende.

Mimi nilikuja Doha kuosha vyombo. Sio aibu, nasema vile ilivyo. Sehemu yangu ilikuwa nyuma kabisa ya mkahawa wa Kiitaliano wa hoteli yetu, kwenye sinki la masufuria makubwa.

Wageni nilikuwa siwajui kwa sura, nawajua kwa mabaki. Meza iliyogombana naijua, chakula kinarudi kizima. Meza ya wachumba wapya naijua pia, kinarudi kizima vilevile lakini keki imeliwa yote.

Mwezi wa tisa wakaleta mashine mpya ya kuosha. Ni mashine nzuri, sitaisema vibaya. Ila inafanya kazi ya watu kadhaa, na contract yangu inaisha mwisho wa mwezi huu. HR wakaniita, wakaniambia kwa upole kabisa kwamba kwa sinki hawatarenew. Nikitaka kubaki, nitafute idara nyingine inichukue.

Idara iliyokuwa inatafuta mtu ilikuwa moja tu. Floor ya mkahawa huo huo. Mhudumu mmoja.

Nyumbani nina binti, Mumbua, anakaa na mama yangu. Siku naondoka nilimwambia nitarudi siku nitakayochagua mimi mwenyewe. Wakuu, kurudi na kurudishwa ni safari mbili tofauti hata kama ndege ni ileile. Hicho ndicho kilikuwa kinanikosesha raha. Sikutaka mtoto anione natoka airport na uso wa kurudishwa.

Sasa, tulioomba hiyo nafasi tulikuwa wawili. Mimi na Nakato.

Nakato ni Muganda, tunalala chumba kimoja, yeye kitanda cha juu mimi cha chini. Yuko upande wa breakfast na contract yake inafika mwakani, lakini amechoka kuamka kabla ya adhana ya alfajiri. Alitaka zamu za mchana. Ni haki yake kabisa kutaka, na sikumchukia hata kidogo.

Na niseme kitu mapema ili msije mkasema nilificha: Nakato alikuwa bora kuliko mimi. Mbali sana.

Alishika list nzima ya divai kwa kichwa. Akipiga pasi uniform anataja majina ya zabibu kama anayeimba kwaya. Na ni Mwislamu safi, hajawahi kuonja hata tone. Alijifunza yote kwa macho na pua.

Mimi nami ni mtu wa kanisa, sinywi.

Ndio hivyo wakuu. Wanawake wawili wasiokunywa, wanagombania nafasi ya kumimina divai, kwenye mji ambao divai unaikuta hotelini tu. Nikiisoma hiyo sentensi nacheka upya.

Mimi nilikuwa na kitu kimoja tu cha kujitetea. Kabla ya kuja huku nilifanya kazi bar, Machakos, upande wa nyuma wa soko. Nimefungua chupa nyingi kwa hii mikono. Ni bia, sawa, lakini nikajiambia chupa ni chupa.

Hapo ndipo nilipojidanganya.

Wiki nzima kabla ya majaribio tulifundishwa na Sir Rodel. Huyu ni supervisor wa floor, Mfilipino, mfupi, viatu vyake unaweza kujitazamia ukachana nywele. Ni mwalimu mzuri. Nikikosea kosa langu lisihesabiwe kwake.

Alituwekea mezani divai ya mwezi. Hoteli ilikuwa inaisukuma hiyo, kila mgeni atajiwe. Inatoka Sisilia, kile kisiwa kikubwa cha Italia, inaitwa Cerasuolo, ukitamka unasema "cherasuolo". Nyekundu, lakini sio ile nyekundu nzito ya kufanana na wino. Ukiishika kwenye mwanga unaona vidole vyako upande wa pili.

"Zabibu mbili," Sir akasema. "Nakato?"

"Nero d'Avola na Frappato, Sir. Nero d'Avola inaleta nguvu na rangi, Frappato inaleta harufu na wepesi."

"Very good. Mwende?"

"Kama alivyosema Nakato, Sir."

Nakato akanikanyaga mguu chini ya meza. Kicheko kikanipanda mpaka machozi yakanitoka.

Halafu Sir akatufundisha taratibu. Mwonyeshe mgeni chupa, jina likimtazama yeye. Kata karatasi ya shingoni. Zibua bila kelele. Mmiminie kidogo aliyeagiza, aonje, akikubali ndio umimine kuanzia kwa mama, yeye mwisho.

Na kanuni moja akaisema akiwa ameinua kidole: nyeupe inakaa kwenye barafu, nyekundu inapewa mgeni kwa joto la chumba.

Nakato akauliza, "Chumba cha nani, Sir? Kama ni chetu cha Najma AC ikifa, hiyo ni supu."

"Chumba cha Ulaya ya zamani, my friend. Nyumba ya mawe." Sir alijibu bila kucheka. "Na mgeni hatumuulizi. Nyekundu hatuulizi. Nyekundu tunajua."

Nikaitikia kwa kichwa. Nililielewa hilo neno kabisa, siwezi kusema sikulisikia.

Sasa Jumamosi.

Majaribio yalikuwa mchana, na wageni wa kweli, sio wa kuigiza. Kila mmoja wetu apewe meza yake, Sir Rodel asimame kwenye nguzo aangalie, halafu Madam Rima aamue. Madam Rima ndiye manager wa mkahawa, Mlebanoni, anapendeza na anatisha kwa wakati mmoja. Akipita, hata vijiko vinajipanga.

Nisimame hapa kidogo nieleze kuhusu kabati, maana bila kabati hii stori haisimami.

Kwa sababu hali ya hewa ilikuwa imepoa, siku hiyo ndio walifungua veranda ya nje kwa mara ya kwanza tangu joto la kiangazi. Kabati la chupa huwa linakaa pale mlangoni mwa veranda. Likawa linaziba njia, wakalisogeza. Wakalisukuma mpaka ukutani upande wa ndani, chupa za Cerasuolo zimepangwa juu yake kama maharusi tangu asubuhi.

Upande wa pili wa huo ukuta kuna tanuri la pizza.

Simlaumu mtu. Waliosogeza walikuwa na haraka, na hata mimi nilishika upande mmoja. Hakuna aliyekumbuka tanuri.

Nakato akaanza. Meza ya watu wanne. Wakuu, alikuwa anateleza! Mgongo umenyooka, tabasamu, jina la chupa likiwatazama wageni, kizibo kikatoka kimya kabisa. Nilitamani nipige makofi. Moyoni nikasema, Mwende, panga sanduku.

Halafu meza yangu.

Walikuwa wazee wawili, bwana na bibi. Mzee ana masharubu meupe, mama ana miwani inayoning'inia kifuani kwa mnyororo. Nikawapa menyu. Mzee akafungua ile ya divai, akashuka na kidole taratibu, kikasimama. Akaweka mkono kifuani.

"Cerasuolo," akasema. "Giuseppina, angalia. Cerasuolo! Hapa!"

Mama akavaa miwani akaangalia, akafunika mdomo. Nikaja kujua baadaye kwamba ni watu wa huko huko, Sisilia, sehemu ile ile inapotoka. Wamekuja kumtembelea mtoto wao injinia, ambaye mchana huo alikuwa kazini.

Nikaenda kabatini nikachukua chupa. Ilikuwa na joto mkononi. Nitakuwa mkweli: sikufikiria chochote. Nilidhani ni jasho langu la hofu.

Nikarudi. Nikaonyesha chupa, jina likimtazama mzee. Vizuri mpaka hapo.

Hatua inayofuata ilikuwa kukata karatasi ya shingoni. Nilikuwa naijua. Nimeirudia kitandani mpaka Nakato akanirushia mto. Lakini mzee aliinua macho akanitazama, na yale macho ya mteja anayesubiri, wakuu, yale ninayajua. Yalikuwa macho ya mzee yeyote wa bar yetu Jumamosi mchana. Kichwa kikafutika chote. Doha ikaondoka. Mdomo ukajiendea Machakos peke yake.

"Cold or warm, sir?"

Yaani baridi ama moto?

Nyinyi mnanielewa. Hata kwenu, mhudumu wa bar asiyeuliza ya moto au ya baridi, huyo sio mhudumu, ni mpita njia. Kwetu ndio salamu yenyewe. Unauliza kabla hata hujajua mtu anakunywa nini.

Lakini pale! Kwenye kitambaa cheupe! Mbele ya divai ya mwezi!

Nakato alikuwa anapita na sahani. Alisimama kama mtu aliyekanyaga waya wa stima. Nyuma ya nguzo nikamwona Sir Rodel amefunga macho, anapiga ishara ya msalaba.

"Umesema nini?" mzee akaniuliza.

Mtu mwenye akili angeomba msamaha. Mimi nikarudia. Na kwa sababu alikuwa bado amenyamaza, na kwa bar mteja akinyamaza unamwongezea chaguo la tatu, ya baridi ichanganywe na ya moto, nikaongezea:

"Or mix, sir?"

Mama akapasuka. Alicheka mpaka akaficha uso kwenye kitambaa cha mezani. Ile miwani ilikuwa inaruka ruka kifuani.

Mzee hakucheka. Alinyoosha mikono yote miwili akaichukua chupa kwangu, akaishika vile unamshika mtoto uliyeambiwa anaumwa. Kisha akaigusisha shavuni mwa mkewe. Wakaanza kusema Kiitaliano kwa kasi, mikono inakata hewa. Mimi nimesimama, nahesabu nguo zangu moja moja zinavyoingia sandukuni.

"Signorina," mzee akasema mwishowe, kwa Kiingereza cha polepole kama changu. "Hii chupa ina homa."

"Pole sana, sir."

"Baridi. Naitaka baridi. Lakini sio baridi ya kuua. Baridi ya kisima."

Na akaanza kueleza, akanishika mkono wa shati nisiende. Kwao kiangazi, baba yake alikuwa anafunga chupa na kamba, anazishusha kisimani asubuhi. Mchana watu wakirudi shambani wanavuta kamba. Hiyo divai yao, akasema, ni nyekundu yenye moyo mwepesi, ukiipa ubaridi kidogo inafunguka. Ukiipa joto inanuna.

"Nikienda mikahawa ya nje wananiletea kama mchuzi. Nikisema niwekewe kwenye barafu wananitazama kama mshamba. Nikaacha kusema. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza mimi nataka nini."

Nikaanza kutafuta ndoo kwa macho.

Ndoo ya barafu ilikuja yenyewe. Nageuka, ni Sir Rodel ameibeba, uso haujulikani anawaza nini. Tukaweka maji na barafu, tukailaza chupa.

"Tuitoe lini, sir?" nikauliza. Maana kwa bar unaitoa mteja akigonga meza.

"Nikimaliza kumsema mwanangu asiyetaka kuoa."

"Basi itaganda," mama akasema.

Huyo mama, wakuu. Laiti angekuwa jirani yangu.

Haikuganda. Nikaitoa, nikaifuta, nikakata karatasi, nikazibua, safari hii mikono ilikuwa imerudi kwa mwenyewe. Nikammiminia mzee kidogo. Akanusa. Akaonja. Akaweka glasi chini, akatoa leso, akajifuta macho, akajifanya ni vumbi. Na mimi nimeshawaambia siku hiyo hakukuwa na vumbi.

Akaniambia ninuse. Nikamtazama Sir, Sir akaitikia, nikainama juu ya glasi.

Sijui kusema mambo ya divai. Naweza kuwaambia tu kilichonijia: zambarau. Zile zilizoiva zikaanguka zenyewe kwenye udongo uliolowa, wakati ukitembea unazikanyaga. Nikamwambia kwetu kuna tunda linapaka ulimi rangi, watoto hawawezi kudanganya kama wamekula.

Mzee akampiga mkewe begani. "Hata kwetu lipo! Tulikuwa tunachapwa kwa sababu ya ulimi!"

Hapo sijui kama ni tunda moja. Nadhani sio. Lakini nani alijali.

Halafu ndio ikaja sehemu ngumu.

Mzee akainua mkono akamwita Madam Rima. Akamwambia kwa sauti ya kusikika mpaka veranda, kwamba hoteli hii ina hazina. Kwamba huyu binti anaijua Cerasuolo kama mtu aliyezaliwa kwao. Kwamba amemuuliza swali ambalo hata wataalamu wa divai, wale wanaovaa kikombe cha kuonjea shingoni, hawaulizi. Akauliza ampe nani pongezi, nani alinifundisha.

Madam akanigeukia. "Nani amekufundisha, Mwende? Ni Rodel?"

Wakuu, niwaeleze pale palivyokuwa.

Ningesema ndio, Sir Rodel anapata sifa, mimi napata floor, mzee anafurahi, hakuna anayeumia. Neno moja. Nafasi ilikuwa mkononi, nimeshaikunjia vidole.

Lakini Nakato alikuwa amesimama pale na trei tupu. Na Nakato ananijua. Usiku uliopita ndiye aliyeniuliza joto la nyekundu nikamjibu "la chumba" mara tatu ili nisisahau. Hakuninyima jibu lolote wiki nzima, na mimi nataka ile ile nafasi anayoitaka. Alitazama trei tu.

Nikaona nikichukua hivi, kitanda cha chini kitakuwa kirefu kulala.

"Madam, hakuna aliyenifundisha," nikasema. "Sir alitufundisha tusiulize. Mimi nimekosea, nilisahau. Kwetu kwa bar tunauliza kila mtu."

"Mnauliza kila mtu joto la divai?"

"La bia, Madam."

"Bia?" Akakunja uso. "Kuna mtu anakunywa bia ya moto?"

"Wengi, Madam. Wazee hasa. Wanasema baridi inawauma kifua."

Madam akamtazama Sir Rodel. Sir akainua mabega. "Madam, na mimi ndio nasikia leo."

"Na inawekwa wapi, hiyo ya moto?"

"Kwa kreti, Madam. Nyuma ya mlango."

Na hapo nyuma yangu nikasikia sauti ya Nakato, nyororo kabisa, ya heshima zote: "Madam, na kuna mix."

Nilitaka kumfinya!

Mama alikuwa ameshamtafsiria mzee. Mzee akapiga meza kwa kiganja, akacheka mpaka masharubu yakaenda upande. Watu wa veranda wakageuka. Sir Rodel alishika nguzo, mabega yanatetemeka. Na Madam Rima, wakuu, Madam ambaye sijawahi kuona meno yake, aligeukia dirishani. Aliporudi macho yalikuwa yamelowa na akasema tu, "Yalla, endeleeni na kazi."

Mchana ulipoisha tukaitwa. Tulikuwa tunapangusa vijiko, mimi na Nakato.

Madam alikuwa amesimama kabatini. Aligusa chupa moja, akagusa ya pili, akaweka kiganja ukutani, akakitoa haraka. Akamwagiza Sir lile kabati lirudi upande wa veranda siku hiyo hiyo.

"Nakato," akasema. "Meza yako waliagiza nyekundu ya kabati hili hili. Walibakisha glasi nusu nusu. Uliona?"

"Niliona, Madam. Nilidhani wameshiba."

"Ungeuliza?"

Nakato akafikiria kabisa. Angeweza kusema angeuliza. "Hapana, Madam. Nilifuata nilichofundishwa."

"Na ulifuata vizuri. Kosa sio lako, ni la kabati." Halafu akanigeukia. "Mwende, kuhusu divai hujui kitu."

"Ndio, Madam."

"Kitu hata kimoja."

"Ndio, Madam."

"Jumatatu njoo na viatu vyeusi. Contract yako nimeshaongea na HR. Nakato atakufundisha list, na nafasi ikifunguka nyingine ni yake, nimemwandika mbele ya Rodel. Khalas, yameisha."

Nilipaswa kusema asante. Badala yake nikasema, "Madam, lakini Nakato ndiye anayejua."

"Ndio maana nimemfanya mwalimu. Wewe kazi unaitaka ama huitaki?"

"Naitaka, Madam."

"Basi nyamaza, habibti."

Nikanyamaza. Nilinyamaza mpaka korido ya nyuma, pale kwenye makabati ya nguo, halafu miguu ikaanza kucheza bila ruhusa. Sikuwa na muziki. Nakato akaja nyuma yangu. Nikasimama, nikaona aibu, maana furaha yangu ilikuwa imesimama mahali pake yeye.

"Nakato, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Banange, jamani, 'or mix, sir'!" Akashika tumbo. "Nnyabo, bibie, ungeenda Kenya nani angenisuka nywele? Mimi contract yangu ipo. Wewe ulikuwa unaondoka na hizo mikono."

Tukacheka mpaka mlinzi akachungulia. Sijui kama moyoni aliumia. Nimemuuliza tena asubuhi hii, akasema kidogo, kama jino linalotaka kung'oka halijang'oka. Naandika hivyo alivyosema.

Nikampigia Mumbua simu. Nikamwambia mama hajarudishwa, mama anahamia mbele, kwa wageni.

Akafikiria. "Mum, utavaa tai?"

"Ndogo. Ile ya kipepeo."

Akapiga kelele hata nyanya yake akadhani kuna nyoka ndani ya nyumba.

Sasa wakuu, mnisaidie, maana nimelala na hili.

Je, nilistahili? Nikijipima kwa haki, Nakato alijua, mimi sikujua. Kilichonibeba ni mdomo uliozoea bar. Upande mwingine, yule mzee alikuwa ananyamazia kiu yake kwa sababu kila mtu alikuwa anajua kuliko yeye. Na nilipopewa sifa isiyo yangu niliirudisha. Sijui kama hilo linatosha. Jana usiku niliona linatosha, leo nilipoamka niliona halitoshi, nikinywa chai likatosha tena.

Nililojifunza ni dogo. Mtu akikaa mbele yako, hata kama umesomea kila kitu kumhusu, hakuna hasara kumuuliza anavyotaka. Na ukisifiwa kwa bahati, sema ni bahati hapo hapo, kabla haijawa uongo wa kulisha kila siku.

Mliowahi kupata kazi kwa kosa, njooni hapa mniambie mlifanyaje mkalala. Wanaoona nilimdhulumu Nakato nao waseme, sitakasirika, anasoma hii thread akiwa kitanda cha juu. Na wataalamu wa divai, kama nimekosea kuhusu hizo zabibu mbili, nirekebisheni kabla ya Jumatatu, nawaomba.

Jioni ya Jumamosi nyumba yetu ilikula ugali wa unga mweupe, samaki wa kukaanga wa soko la karibu, na spinachi iliyopikwa kama sukuma wiki. Nakato alinikataza nisishike mwiko. Kwenye duka la Msudani hapa chini alinunua karkade, yale maua makavu mekundu, akayachemsha na sukari, mengine akayaweka kwenye friji na mengine akayaacha jikoni kwenye sufuria.

Tulipokaa chini kula akaja na jagi, taulo limelala mkononi, mgongo umenyooka kama mchana ule kwenye meza yake ya watu wanne. Akainama mbele yangu.

"Madam. Nyekundu yetu ya leo. Baridi ama moto?"

Nikamwambia mix.